UZI: "Conflict", "struggle" na ndugu zake: lipi linakaa wapi?

#1 Kalamu_Nyekundu

Wakuu, orodha za visawe zinazozunguka mtandaoni zinapanga "conflict", "struggle", "fight", "strife", "clash", "dispute" na "combat" kwenye mstari mmoja, kana kwamba ukichomoa moja unapachika jingine na maisha yanaendelea. Matokeo tunayaona kwenye tafsiri, ripoti na barua za maombi ya kazi: sarufi iko sawa, tahajia iko sawa, lakini msomaji anaelewa kitu kingine kabisa. Naomba uzi huu tuyapange kwa matumizi yake.

Naanza na linaloumiza wengi zaidi, "struggle".

Kwa Kiswahili, kupambana ni sifa. Ukisema fulani amepambana mpaka akafika, umempandisha hadhi. Mwandishi wa barua ya kazi anaichukua sifa hiyo na kuandika "I struggled to increase sales", akiamini amesema alijituma. Mwajiri anasoma: nilipata tabu kuongeza mauzo, na huenda sikufanikiwa. "Struggle to" likifuatwa na kitenzi hueleza ugumu, na mara nyingi hudokeza kushindwa. "She struggled to breathe" ni alihema kwa shida. "Many pupils struggle to read" ni wanafunzi wengi wanasoma kwa taabu. Ukitaka kusema bidii, andika "I worked hard to increase sales". Kwa lugha ya heshima zaidi lipo "strive": "We strive to answer within two days". Hilo ni kujitahidi, bila doa la kushindwa.

Sasa geuza "struggle" liwe nomino, uone linavyobadilika: "the struggle for independence" lina utukufu wote. Siri iko kwenye kihusishi:

- "struggle for": kupigania kitu unachokitaka
- "struggle against": kupinga kitu usichokitaka
- "struggle with": kuhangaika na jambo linalokulemea, kama "struggle with debt"
- "struggle to": kupata tabu kufanya jambo

Kuna matumizi ya tano ambayo watafsiri hujikwaa. Kwenye taarifa za polisi, "no signs of a struggle" maana yake hakuna dalili za purukushani: viti havikupinduka, nguo hazikuchanika. Ukiandika "hakukuwa na dalili za mapambano" msomaji anawaza risasi.

---

#2 Mfasiri_Mkongwe

Umeanza pazuri, mkuu. Niingie kwenye "conflict".

Neno hili limetoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kugonganisha, na picha hiyo ya vitu viwili kugongana bado imo ndani yake. Ndiyo maana Kiswahili hakiwezi kulibeba kwa neno moja. "Conflict of interest" ni mgongano wa maslahi. "Land conflict" ni mgogoro wa ardhi. "Conflicting evidence" ni ushahidi unaokinzana. "Inner conflict" ni mvutano wa nafsi. Anayeng'ang'ania "mgogoro" kila mahali ataishia kuandika "mgogoro wa maslahi", na hapo msomaji atadhani kuna watu wawili wanaogombana, wakati jambo lenyewe ni mtu mmoja mwenye kofia mbili.

Jambo la pili ni joto la neno. "Conflict" ni la baridi, la ripoti, la mtu anayetazama kwa mbali. Majirani wakirushiana maneno usiku, Mwingereza hasemi "they had a conflict". Atasema "they had a row" au "they had an argument". "Conflict" huingia pale jambo lina pande, lina chanzo kinachoelezeka na limedumu kidogo. Pande huja na "between", kinachogombewa huja na "over": "a conflict between herders and farmers over water".

La tatu ni kitenzi, na hapa makosa ni mengi mno. Watu hawafanyi "conflict". "Peter conflicted with John" inakwaruza sikio. Vinavyofanya hivyo ni vitu: taarifa, tarehe, sheria, ratiba. "Your statement conflicts with the record." "The two dates conflict." Watu huwa "in conflict", au "come into conflict".

Na tafadhali tusichanganye "conflicted". "I feel conflicted about the offer" haina ugomvi na yeyote. Ni kusema moyo umegawanyika, hujui ukubali au ukatae.

---

#3 Mwanagenzi

Asanteni walimu. Naomba kuuliza: ni "fight with", "fight against" au "fight" peke yake? Nimeona sentensi "The government is fighting with corruption" na nyingine "fighting corruption". Zote ziko sawa?

---

#4 Kalamu_Nyekundu

Hapana, ya kwanza iepuke. "With" kwenye Kiingereza hubeba maana mbili: dhidi ya, na pamoja na. "He fought with the British in 1942" inaweza kumaanisha alipigana nao au alipigana upande wao. Sentensi peke yake haikuambii. Ukitaka uwazi, andika "fought against" au "fought alongside".

Kwa watu wawili wanaogombana hakuna shida: "The brothers fought with each other." Kwa adui asiye mtu, kama rushwa, umaskini, moto au ugonjwa, mazoea ni kuacha kihusishi au kutumia "against": "fight corruption", "the fight against corruption". Angalia tofauti ya kitenzi na nomino hapo. Kitenzi kinameza kihusishi, nomino inakidai. "The fight corruption" haipo.

Chanzo cha kosa ni Kiswahili chetu: kupambana na rushwa. Hiyo "na" tunaibeba nzima nzima na kuipa jina "with". Kosa hilohilo hutokea kwa "combat". "Combat with crime" si sahihi, sema "combat crime". Na "combat" kama kitenzi ni la kiofisi sana, hutumika kwa juhudi zilizopangwa za kupunguza jambo baya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 kuhusu kuenea kwa jangwa unatumia "to combat desertification" kwenye jina lake. Mtu na ndugu yake hawa-"combat". Tahajia: "combating" kwa "t" moja ndiyo ya kawaida zaidi, ingawa utaona pia "combatting".

Viungo vya "fight" vya kukariri: "fight for" kupigania, "fight over" kugombania kitu, "fight off" kufukuza mshambuliaji au mafua, "fight back" kujibu mapigo. Lakini "fight back tears" ni kuzuia machozi. Aliyetafsiri "alijibu mapigo kwa machozi" alidanganywa na kamusi.

---

#5 Sheria_na_Lugha

Kwenye sheria maneno haya hukatwa kwa wembe, kwa hiyo niwawekee mipaka.

"Dispute" ni madai yanayopingana. Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, katika kesi ya Mavrommatis ya mwaka 1924, ililifafanua kuwa ni kutokubaliana juu ya hoja ya sheria au ya ukweli, mgongano wa mitazamo ya kisheria au wa maslahi kati ya pande mbili. Oneni kwamba hakuna ngumi wala bunduki humo. Kinachotakiwa ni mmoja adai na mwingine akatae. Sura ya 6 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inahusu kumaliza "disputes" kwa amani, na kifungu cha 33 kinataja njia kama mazungumzo, uchunguzi, upatanishi na mahakama. Kwa hiyo mkataba wa biashara utasema "any dispute arising", hautasema "any conflict" wala "any quarrel". Vitenzi vyake ni "settle" na "resolve". "Solve" liachieni tatizo, fumbo na hesabu.

Kama kitenzi, "dispute" ni kukanusha, na halitaki kihusishi: "He disputes the figures."

"Armed conflict" ni istilahi ya Mikataba ya Geneva ya 1949. Kifungu cha 2, kinachofanana katika mikataba yote minne, kinasema mikataba inatumika kwa vita iliyotangazwa au "armed conflict" nyingine yoyote kati ya nchi wanachama, hata kama upande mmoja haukubali kwamba kuna hali ya vita. Waandishi walijua wanachokifanya. Serikali nyingi hukwepa neno "war" kwa sababu za kisheria na za kisiasa. Mwaka 1950 Rais Truman wa Marekani alikubali vita ya Korea iitwe "police action". Mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa Mfereji wa Suez, Waziri Mkuu wa Uingereza Anthony Eden alishikilia kwamba nchi yake iko kwenye "armed conflict", haiko vitani. Bunge la Marekani halijatangaza vita rasmi tangu 1942. Mtafsiri anayeandika "vita" kwa maneno yote mawili anafuta tofauti ambayo msemaji aliiweka kwa makusudi. "Mgogoro wa silaha" au "mapigano ya silaha" yanaihifadhi.

"Hostilities" na "hostility" ni mtego mwingine. Kwa wingi ni mapigano yenyewe: "cessation of hostilities" ni kusitisha mapigano. Kwa umoja ni uhasama wa moyoni, usio na lazima ya risasi. Herufi chache zinatenganisha chuki na mizinga.

Na kwa wanaotafsiri hati za Uingereza: sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1986 inatofautisha kwa idadi. "Riot" inahitaji watu 12 au zaidi, "violent disorder" watu 3 au zaidi, "affray" inaweza kufanywa na mtu mmoja tu. Ukiyaita yote "ghasia" umeharibu hati ya mashtaka.

---

#6 Mfasiri_Mkongwe

Mkuu wa #5, umesahau "contest", na ndilo linaloleta aibu kubwa wakati wa uchaguzi. "She will contest the seat" ni atagombea kiti. "She will contest the result" ni atapinga matokeo. Kitenzi ni kilekile, maana zinaelekea pande mbili tofauti, na kinachoamua ni kitu kinachofuata: kiti, jimbo au uchaguzi ni kugombea, matokeo, wosia, uamuzi au faini ni kupinga. Wamarekani hukwepa utata huo wa kwanza kwa kusema "run for".

"Contend" nalo hivyohivyo. "Contend that" ni kudai au kushikilia hoja. "Contend with" ni kukabiliana na ugumu. "Contend for" ni kuwania.

Halafu "belligerent": kwenye sheria ya vita ni upande unaopigana, bila lawama yoyote. Mtaani ni mtu mshari. Ukikuta "the belligerents" kwenye historia ya diplomasia usiandike "wakorofi".

---

#7 Chumba_cha_Habari

Niongezee upande wa magazeti, maana huko kuna kamusi yake.

Kichwa cha habari hakina nafasi, hivyo wahariri wa Kiingereza hupenda maneno mafupi: "row", "clash", "feud", "rift", "spat". Usiyachukulie kuwa ni makali kuliko yalivyo. "Row over budget" ni mabishano ya bajeti, na "spat" ni kutupiana maneno kwa muda mfupi. "Rift" ni ufa kati ya waliokuwa kitu kimoja, kwa mfano chama au familia. Huwezi kusema kuna "rift" kati ya watu ambao hawakuwahi kuwa pamoja. "Feud" ni uhasama wa muda mrefu, wa kulipizana, mara nyingi wa familia kwa familia. Ugomvi wa jana hauwezi kuwa "feud".

"Clash" ni la ghafla na fupi. Kwa wingi, "clashes", ni makabiliano ya hapa na pale, ndiyo yale ya "clashes with police". Kwa umoja hutumika hata bila watu: ratiba mbili zikiangukia saa moja ni "a clash", rangi zisizoendana "clash". Hilo la rangi "conflict" haliwezi kulibeba.

Ukubwa uende hivi: "scuffle" ni watu wachache kuvutana na kusukumana, ndiyo purukushani. "Brawl" ni ngumi za kelele hadharani. "Skirmish" ni mapigano madogo ya vikosi vidogo pembeni ya vita kubwa. "Battle" ni pigano moja lenye mahali na muda. "War" ni jumla yake. Ndiyo maana Kiingereza kina "Battle of Stalingrad" ndani ya "Second World War". Kiswahili huita vyote vita, sasa ukitafsiri msemo wa kushinda "battle" na kupoteza "war" utapata sentensi inayojipinga. Andika: walishinda pigano, wakashindwa vita.

Watafiti wao wana vipimo. Mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, huhesabu "armed conflict" kuanzia vifo 25 vitokanavyo na mapigano kwa mwaka, na "war" kuanzia vifo 1,000. Ukinukuu takwimu zao usibadilishe neno ili kupamba sentensi. Ukibadilisha, umebadilisha takwimu.

---

#8 Mwanagenzi

Hapo kwenye "row" nimepotea. Nalijua kama mstari. Na "argument" nimefundishwa ni hoja, sasa #2 amesema "they had an argument" ni ugomvi?

---

#9 Darasani

Yote uliyofundishwa ni kweli, ila hayakukamilika.

"Row" ya mstari, na ya kupiga kasia, hutamkwa "rou". "Row" ya ugomvi hutamkwa "rau", kama "now". Herufi ni zilezile, sauti ni mbili. Hii ya ugomvi ni ya Waingereza zaidi, Mmarekani atasema "argument" au "fight". Tahadhari hapo: Mmarekani akisema "my wife and I had a fight" kwa kawaida anamaanisha walirushiana maneno. Usikimbilie kuandika walipigana.

"Argument" tazama kitenzi kinacholitangulia. "Make an argument", "put forward an argument" ni kutoa hoja. "Have an argument", "get into an argument" ni kubishana kwa hasira. Na tahajia haina "e" baada ya "u", ingawa kitenzi ni "argue".

"Quarrel" ni ugomvi wa maneno wa watu wanaojuana, na huacha kinyongo. Unagombana "with" mtu, "about" au "over" jambo. Uingereza huandika "quarrelled", Marekani "quarreled". Lakini "I have no quarrel with your plan" haizungumzii amani kati yetu, ni kusema sina pingamizi na mpango wako.

Kukosana, lile neno letu la kusema watu hawasemezani tena, ni "fall out": "They fell out over money." Hakuna linalolikaribia zaidi.

"Strife" sasa. Halina wingi katika matumizi ya kawaida, "strifes" futa. Ni hali, siyo tukio: "years of civil strife". Huwezi kusema "a strife happened yesterday". Ni ndugu wa "strive" la #1, tofauti yake ni ileile ya "life" na "live". Ndugu hao wameachana kitabia: nomino ilibaki kwenye machafuko, kitenzi kikahamia kwenye bidii.

Matamshi nayo tusiyaache. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili tunalikazia mwanzo bila kufikiri. Kwa nomino "CONflict" na "CONtest" tunapatia. Kwa vitenzi "conFLICT" na "conTEST" tunakosea, na msikilizaji anasubiri nomino ambayo haiji. Zoezi: soma kwa sauti "The CONflict began when the reports conFLICTed" mara kumi, ukivuta silabi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. "Struggle" halibadiliki, mkazo ni mwanzo siku zote.

---

#10 Chumba_cha_Habari

Nakazia moja linalonigusa: lugha ya vita kwa wagonjwa. "She lost her battle with cancer" imezoeleka mno, lakini wagonjwa na waandishi wengi wanaikataa, kwa kuwa inamfanya aliyefariki aonekane hakupigana vya kutosha. Maelezo safi yapo: "She died of cancer", "He is living with HIV". Mhariri makini atayachagua hayo, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetumia neno la vita na ananukuliwa.

Na "war on" ni la kampeni, adui wake ni kitu: Rais Johnson wa Marekani alitangaza yake dhidi ya umaskini mwaka 1964. Nchi kwa nchi ni "war with" au "war against", ingawa unaweza "declare war on" nchi.

---

#11 Mwanagenzi

Naomba mnisahihishie hizi kabla sijatuma kazi:

1. The two neighbours conflicted because of the boundary.
2. We are struggling to give you the best service.
3. Many strifes have happened in that region.
4. The union has a quarrel with the company about pay.

---

#12 Kalamu_Nyekundu

1. "The two neighbours are in dispute over the boundary." Mpaka ni dai, kwa hiyo "dispute". Kama walishikana mashati, "came to blows".

2. Hii ingekuumiza. Umemwambia mteja kwamba huduma bora inakushinda. Andika "We strive to give you the best service."

3. "The region has seen years of strife." Kama ni matukio yanayohesabika, "There have been many clashes in the region."

4. Sarufi haina kosa, ila uzito umepungua, inasomeka kama ugomvi wa nyumbani. "The union is in dispute with the company over pay." Na wakishagoma, usiandike "fight", andika "strike".